Lindi nafika, Dar ndiyo mtihani

Ndugu mwandishi, umesema gari la umeme halifai huku kusini kwa sababu ya umbali. Mimi niko Mtwara na ninaendesha BYD Atto 3, lile la betri ya kilowati-saa 60.48. Kiwandani wanasema kilomita 420 kwa chaji moja. Kwa joto letu, kiyoyozi kikifanya kazi na abiria wanne ndani, mimi nahesabu 330. Lindi kwenda na kurudi ni kama 220, basi nafika nyumbani na akiba, nachomeka usiku. Safari ya Dar, zaidi ya kilomita 550, ndiyo inayonitesa. Sithubutu kuipita Nangurukuru, kule Kilwa, bila kujua nitachaji wapi, na soketi ya kawaida ya gesti inakula usiku mzima na bado haijajaza.

Ila ulilolipita haraka ndilo zito: waranti, yaani dhamana ya mtengenezaji. Watengenezaji wengi huidhamini betri miaka 8 au kilomita 160,000, uwezo wake usishuke chini ya asilimia 70 ya ule wa mwanzo. Lakini mara nyingi dhamana hiyo ni ya soko lile gari lilikouzwa kwanza. Ukiagiza lililotumika, taka jibu la maandishi kama itakufuata mpaka huku. Hapo ndipo bei ya kuuza tena inapoamuliwa. Toyota RAV4 ya zamani ya petroli kila fundi anaijua. Hili la umeme mnunuzi atauliza uwezo wa betri umebaki asilimia ngapi. Jamani, pimeni kila mwaka na mtunze karatasi. Zangu nimeziweka pamoja na kadi ya gari.