Saruji au Chokaa kwa Kuta za Kanisa Kongwe la Matumbawe?

Kanisa la Mtakatifu Yohana la Mbweni, Unguja, ni dogo, lina mnara na makaburi yake. Ni la mwaka 1882, katika kijiji ambacho UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, iliwaanzishia watu waliokombolewa utumwani. Makanisa ya pwani ya enzi hiyo yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kila lipu inapobanduka mabishano ni yaleyale: irudishiwe chokaa, au ipigwe saruji?

Wanaotaka saruji wasidharauliwe. Inauzwa kila duka la vifaa, fundi yeyote anaijua, na hushika siku hiyohiyo. Chokaa husumbua: ichomwe tanuuni, izimwe kwa maji, ilale wiki kadhaa. Tabaka moja lisizidi milimita 10 hivi, tena lifunikwe magunia mabichi, maana chokaa huwa ngumu kwa kuvuta hewa ya ukaa. Ikikaushwa na jua upesi hubaki unga. Kwa parokia yenye sadaka haba na masika mlangoni, hiyo ni kazi nzito. Hata historia inawapa neno: Askofu Edward Steere, aliyejenga kanisa kuu la Mkunazini, mjini Zanzibar, kuanzia 1873, aliliezeka kuba la zege ya matumbawe yaliyopondwa na saruji ya Portland.

Ila kuba kazi yake ni kuzuia maji yasiingie. Ukuta wa matumbawe hunywa maji kutoka ardhini, nao sharti uyatoe. Lipu ya chokaa huyapitisha. Lipu ya saruji huyafungia ndani, na chumvi iliyomo hugeuka fuwele nyuma yake na kulimumunyua jiwe. Gonga kwa kifundo cha kidole: pakitoa sauti ya uwazi, lipu imeshaachana na ukuta. Ukiibandua, mara nyingi utakuta jiwe limekuwa mchanga unaochoteka kwa mkono. Kibaya zaidi, mafundi huziba hapo kwa saruji kali zaidi, maji yakakosa njia na kupanda juu, hadi kuozesha ncha za mbao za paa zilizozikwa ukutani.

Kwa hiyo kwenye kuta nasimama na chokaa, gharama na yote. Bei ya saruji ni nafuu siku ya kwanza tu. Jiwe lililoliwa halirudi. Lakini chokaa nayo haitaponya kanisa lenye mfereji wa paa uliotoboka. Anza na mifereji, kisha ondoa udongo uliorundikana kwenye msingi, uache ukuta ukauke, ndipo upige lipu: chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga uliooshwa kwa maji yasiyo na chumvi, usiwe wa ufukweni. Saruji ibaki kwenye mitaro ya kupeleka maji mbali na ukuta. Ule mkanda wa saruji unaopigwa chini ya ukuta ili "kuzuia unyevu" usipigwe kabisa, kwa kuwa hapo ndipo maji yanapohitaji kutokea.