Mlo wa Desemba Tuulie Pwani

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba uko kwenye klabu ya wapiga mbizi, swali ni lile lile: mnapigia wapi, Bwawa la Nairobi? Lile lililofunikwa na gugumaji? Hapana. Mwaka mzima tunafanya mazoezi kwenye kidimbwi cha kuogelea, tukibishana nani anamaliza hewa haraka, halafu Desemba kaskazi ikishika tunateremka pwani. Wenzetu wa Uingereza msimu huu huvaa kofia za Krismasi na kuingia kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji, kama pale Stoney Cove, kisha hukimbilia supu wakitetemeka. Sisi maji yetu yana nyuzi 28. Hatuna cha kulalamikia.

Ila mimi ninalo lalamiko moja, nalo ni la chakula.

Ratiba yetu haijabadilika miaka nenda miaka rudi: Jumamosi baharini, usiku treni, Jumapili nyama choma Nairobi ili wake, waume na watoto wahudhurie. Ukiisikia unaona ina busara.

Mwaka jana tulizamia MV Dania, meli ya kubebea mifugo iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 kaskazini mwa Mombasa iwe makao ya samaki. (Tulizamia kwa mitungi na kwa kulipa, si kama vijana wanaojificha melini bandarini.) Tuliingia mara mbili, tukatoka majini saa nane mchana. Saa nne usiku tumeshakaa kwenye treni. Jirani yangu alikuwa na kachiri za muhogo, zile za mfuko unaofungwa kwa moto wa mshumaa. Mombasa mfuko ulikuwa umelegea. Tulipokaribia Emali, treni ikipanda kuelekea Nairobi, ulikuwa umetuna kama mpira, unang'aa. Tukacheka. Kisha nikamwona mwenzetu wa kiti cha mbele anajisugua bega, anajinyoosha, anajisugua tena.

Hapo kicheko kikanikauka. Ukiwa chini, naitrojeni ya hewa unayovuta huyeyuka mwilini, na ukitoka hujiondokea taratibu. Ukipanda mwinuko kabla haijaisha, shinikizo la hewa hupungua, na kama mfuko ule ulivyotuna, naitrojeni inaweza kufanya mapovu mwilini na kuleta maumivu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Wote tunajua kwamba ukizama zaidi ya mara moja, ndege usiipande mpaka zipite angalau saa kumi na nane. Lakini kwa kuwa treni haipai, hakuna aliyehesabu. Tulikuwa na saa kumi na mbili tu tangu tutoke majini, na mlima bado unaendelea. Mwenzetu mpaka leo anashikilia kwamba alilala vibaya. Daktari aliyemwekea oksijeni asubuhi ile hakukubaliana naye.

Mzee wa boti alishatuuliza tulipokuwa tukishusha mitungi: "Wanangu, mwaenda leo leo? Hata kula hamli?" Tulimwona kama anatutafutia biashara ya shemeji yake mwenye mkahawa. Huenda ndivyo. Alikuwa sahihi vilevile.

Basi mlo na uwe huko huko, Jumapili mchana. Samaki wa kupaka, achomwe kwanza mpaka ngozi ipasuke, ndipo anyweshwe tui zito lenye ukwaju. Wali wa nazi, mbaazi, achari ya embe. Watu wale polepole, wabishane kuhusu kasa ambaye kila mmoja anadai alimwona kwanza, walale kidogo mkekani. Saa zinajihesabu zenyewe. Nyama choma naipenda, lakini mbuzi wa Nairobi hana haraka, Januari tutamkuta.

Mhazini anauliza nani atalipia usiku wa ziada. Nimemjibu kwenye kikundi: tuzame mara moja badala ya mbili, pesa ya safari ya pili ya boti ikalipie vitanda. Na familia ziteremke nazo. Mpaka sasa ameisoma, hajajibu.