Umeme Umejaa, Friji Kimya

Soketi ya sebuleni ilikuwa imelegea. Ukichomeka chaja, lazima uishikilie kama unamnywesha mgonjwa uji. Fundi akataka elfu kumi kuibadilisha. Elfu kumi! Kwa skrubu mbili! Nikaenda dukani mwenyewe, nikanunua soketi, bisibisi na testa (ile inayowaka kitaa ikigusa umeme), nikarudi kifua mbele.

Nikazima meni swichi (ujinga wangu una mipaka), nikafungua. Ndani nakuta waya nyekundu mbili, nyeusi mbili, na za kijani-njano. Nyekundu zote nikazibana, na za kijani-njano. Nyeusi moja ikaingia; ya pili ikakatika ncha, ikabaki fupi, haifiki. Nikajiuliza, nyeusi mbili za nini? Aliyefunga nyumba hii alipenda tu kumaliza waya za watu. Nikaizungushia tepu, nikaikunja huko nyuma, nikafunga. Nikawasha meni, chaja ikakubali. Nikapiga picha, nikatuma kwenye grupu la ukoo.

Jioni Mama Shani akaniita kutoka jikoni. Mara moja tu. Akiniita mara moja, jua kuna msiba. Chini ya friji maji mekundu yanatiririka: barafu zake za ubuyu, za kuuza kesho, zinarudi kuwa juisi. Nikakimbilia soketi ya chumbani: kimya. Ya watoto: kimya. Taa zote zinawaka.

"Baba Shani, si umetoka kuchokonoa umeme leo?"

"Nilichokonoa sebuleni. Huku jikoni sijafika."

Nikanunua LUKU ya elfu tano, nikabonyeza namba zote 20 huku taa ya barazani ikinimulika usoni. Yuniti zikaingia, friji likanuna vilevile. Nikamsema jirani anayechomelea mageti. Nikalipiga friji kofi la ubavu.

Ndipo nikaikumbuka testa. Kwenye soketi ya pili hapo jikoni nikatia kofia ya kalamu tundu la juu, vile vilango vya chini vifunguke, nikachomeka. Tundu la kulia: inawaka. La kushoto: inawaka pia! Nikamgeukia mke wangu nikiwa nimevimba.

"Unaona? Tatizo siyo kukosa umeme. Umezidi! Tundu zote mbili zimejaa!"

"Basi huo uliozidi uambie ugandishe ubuyu."

Akampigia fundi yeye. Kijana yule yule wa elfu kumi, koleo mfuko wa nyuma. Friji hakuligusa hata kidogo. Aliuliza tu soketi gani imebadilishwa karibuni, akazima meni, akafungua, akaivuta ile nyeusi yenye tepu kama anamtoa panya kwenye gunia.

"Mzee, umeme ulikuwa unafika. Unapita kwenye friji vizuri, ukitaka kurudi unakuta njia imekatwa, unabaki unazubaa kule kule. Ndiyo maana testa inawaka pande zote. Hii nyeusi ndiyo inayokwenda soketi za vyumba vyote."

Akaiunga kipande, akaibana pamoja na mwenzake, akawasha. Friji likakohoa, likaanza kunguruma. Elfu kumi na tano, maana ni usiku.

"Kwani hii alifunga nani?"

"Kuna fundi mmoja alipita pita hapa," nikasema, naangalia dari.

"Huyo msimwite tena, mzee. Atawaunguzia nyumba."

Mama Shani alikuwa amechuchumaa anakamua dekio.

"Hatumwiti, mwanangu. Analala humu humu."