Pombe tumboni, lawama nyumbani: je, Lubumbashi iwapime watoto hawa?

Mtoto ana miaka minane na bado yuko darasa la kwanza. Jana alihesabu hadi ishirini, leo hajui. Anachukua kitu cha mwenzake na kukiacha wazi mezani, kisha anashangaa anapochapwa. Huko Katuba au Kenya, mitaa ya Lubumbashi, mtoto wa namna hii hapewi muda mrefu: ataitwa mkaidi, na msiba ukiingia nyumbani ataitwa mchawi. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, lakini vyumba vya maombi havijakosa watoto wanaofungishwa kula.

Kwa baadhi yao, ubongo ulidhurika kabla hawajazaliwa, kwa pombe iliyopita kwenye kondo la nyuma. Madaktari walieleza hali hii, iitwayo kwa Kifaransa syndrome d'alcoolisation fœtale, huko Nantes, Ufaransa, mwaka 1968, kisha Seattle, Marekani, mwaka 1973. Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mimba, na dawa ya kuuponya ubongo huo haipo. Je, tuwatafute watoto hawa na kuupa ugonjwa wao jina?

Wanaosita wana hoja nzito. Hakuna kipimo cha damu. Daktari hutazama macho yenye uwazi mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na mfereji wa chini ya pua uliosawazika; hupima kimo na kichwa, kisha mtaalamu mwingine hupima kumbukumbu, lugha na umakini. Wengi wa waathirika hawana uso huo kabisa, na hapo ni lazima ithibitishwe kwamba mama alikunywa. Hata karatasi ya kulinganishia midomo iliyotungwa Seattle ina toleo moja la Wazungu na jingine la Wamarekani weusi. Uso wa mtoto wa hapa Katanga haukuwa mbele ya waliochora.

Tena Lubumbashi ina mengi ya kumdhuru mtoto: malaria ya ubongo, utapiamlo, uzazi uliokawia. Na kuna migodi. Utafiti uliofanyika hapa mjini na kuchapishwa 2020 ulikuta kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa na kilema ilikuwa kubwa zaidi pale baba alipofanya kazi zinazohusu madini. Anayemuuliza mama alikunywa nini, bila kumuuliza baba anafanya kazi wapi, amekwisha hukumu.

Hoja hii naiheshimu kuliko zote. Jina la ugonjwa likitolewa ovyo litamtoa mtoto kwenye lawama na kumwingiza mama yake.

Hata hivyo, kunyamaza hakujamwokoa mama yeyote; mtoto akiitwa mchawi, naye huambiwa amezaa mchawi. Utafiti wa Seattle wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba waliotambuliwa mapema, kabla ya miaka sita, na kulelewa katika nyumba tulivu, walipata matatizo machache zaidi ya shule na polisi ukubwani. Mwalimu akielewa kwamba mtoto anasahau kweli, atampa agizo moja kwa wakati, kwa maneno machache, na kurudia bila fimbo. Hayo hayahitaji hospitali kubwa. Hayahitaji hata utambuzi kamili, na ndiyo maana sioni sababu ya kungoja kikosi cha wataalamu ndipo familia isaidiwe.

Kinachohitaji kubadilika kwanza ni swali lenyewe. Kwenye CPN, yaani kliniki ya wajawazito, aulizwe kila mama, tajiri na maskini, kwa sauti ileile anayoulizwa kuhusu chandarua. Na asiulizwe chupa ngapi tu. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, hunywewa kwa kikombe, nguvu yake haikuandikwa popote, na mara nyingi anayeipika ni mama mwenyewe, kwa sababu ndiyo inayolipa minerval, yaani karo ya shule, ya watoto. Huyo huionja ili ajue kama imeiva. Kumwambia "acha" bila kuzungumza naye nani mwingine anaweza kuonja, au biashara gani nyingine inawezekana, ni kumfundisha kuficha.

Akificha, tunapoteza zaidi ya habari za mtoto mmoja. Mama aliyeelezwa kwa upole kilichompata huyu wa kwanza anaweza kumkinga wa pili, ambaye pengine yuko tumboni sasa hivi.