Gredi ya 7 na siku ya vipindi vinane: tatizo si wingi wa masomo

Siku ya mwanafunzi wa Gredi ya 7 nchini Kenya huweza kuanza na Hisabati, ikaenda Kiswahili, ikaruka hadi Kilimo, ikaingia Sayansi Jumuishi, na kabla ya kwenda nyumbani mtoto awe amechora, ameimba au amekimbia uwanjani, yote hayo ndani ya somo moja la Sanaa Bunifu na Michezo. Ni vipindi vinane hivi, dakika 40 kila kimoja. Wapo wanaoisifu siku hiyo. Wapo wanaosema mtoto anaonjeshwa kila chungu na hashibi chochote.

Wanaolalamika wana ushahidi. Sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) ilipoanza mapema 2023, masomo ya lazima yalikuwa 12, ya hiari yakiwa juu yake. Shule nyingi za umma zilipelekewa mwalimu mmoja au wawili wayabebe yote. Aliyesomea Kiingereza na Fasihi akajikuta anaeleza saketi za umeme kabla ya chai ya saa nne na muziki baada ya chakula cha mchana. Jopo la rais la mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu lilisikia kilio hicho, na masomo yakashushwa hadi tisa. Tazama lakini yalivyoshushwa: Afya ikaingizwa ndani ya Sayansi Jumuishi, Biashara na Kompyuta zikahamishiwa kwenye somo la ufundi wa awali. Majina yalipungua kuliko kazi.

Upande wa pili hukumbusha tulikotoka. Mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) ulipoanza 1985 ulikuwa na ndoto hiyohiyo ya mikono kufanya kazi: useremala, ususi, upishi, muziki. Wazazi walichangishwa pesa za karakana na vyumba vya sayansikimu. Kisha masomo hayo yakatolewa kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na yakafa. Kipindi cha michezo kilibaki kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, huku darasani kikifundishwa Hisabati, na mkaguzi, mzazi na mtoto wote wakijua. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Miaka yote hiyo mtoto wa kipaji cha rangi au cha mbao aliweza kumaliza darasa la nane asigunduliwe.

Safari hii, chini ya mtaala mpya wa umilisi (CBC), mambo yamepangwa tofauti kidogo. Anayemaliza Gredi ya 9 huchagua mmojawapo wa mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Mtoto wa miaka 14 au 15 atachaguaje asichowahi kukigusa? Hoja hiyo kwangu ndiyo nzito kuliko zote za watetezi. Zaidi ya hayo, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zina asilimia 20 ya alama anazoingia nazo sekondari ya juu, mtihani wa Gredi ya 6 asilimia 20 nyingine, na ule wa mwisho wa Gredi ya 9 asilimia 60. Kazi ya vitendo sasa ina thamani kwenye alama. (Ingawa kazi nyingine, kama tujuavyo, humalizwa na mama usiku na kuprintiwa saiba asubuhi.)

Kwa hiyo sioni kosa katika masomo kuwa mengi. Kosa liko kwenye kengele. Kipindi cha Masomo ya Jamii kikikatwa dakika ya 40, mada itaendelea kesho bila hasara kubwa. Kilimo hakiko hivyo. Watoto watoke darasani, wagawane majembe machache, wafike shambani, wanawe mikono, warudi. Ukitoa muda huo wote, kulima kwenyewe kumebakiwa na dakika chache. Jaribio la sayansi katika shule isiyo na maabara, ambapo mwalimu anabeba vifaa vyake mwenyewe kutoka darasa hadi darasa, huishia mahali ambapo matokeo yangeanza kuonekana.

Ratiba inaruhusu dawa. Somo la ufundi likiwa na vipindi vinne kwa wiki, vifanywe viwili viwili, dakika 80 kila mara. Kilimo vivyo hivyo. Siku itakuwa na masomo machache zaidi, wiki itabaki na yote tisa. Mwalimu wa lugha atapinga kwamba lugha na hesabu hutaka kuguswa kila siku, na ni kweli. Hayo yaachwe yalivyo.

Pingamizi linalonishinda ni jingine. Shule yenye walimu wawili na madarasa matatu ikifuata ushauri wangu, darasa lililokuwa likikaa bila mwalimu dakika 40 litakaa 80. Walimu tarajali waliokuwa wakiziba mapengo hayo kwa posho ya takriban shilingi 20,000 kwa mwezi waligoma mwaka 2024 wakidai ajira ya kudumu. Hapo mwalimu mkuu hana ratiba ya kupanga. Anasubiri TSC, tume inayoajiri walimu, imletee mtu.