Seli za jua za oganiki: kinachopungua ni mwanga au uhai?

Seli ya jua ya oganiki, inayotengenezwa kwa misombo ya kaboni badala ya silikoni, hufyonza mwanga kwa tabaka ambalo kwa kawaida lina unene wa nanomita 100 hadi 200 tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Wembamba huo ni wa lazima, kwa sababu chaji za umeme hupita kwa shida ndani ya misombo hiyo, na tabaka likinenepeshwa, nyingi ya chaji hizo hupotea kabla ya kufika kwenye elektrodi, yaani tabaka za pembeni zinazoutoa umeme. Hasara yake ni kwamba sehemu ya mwanga hutoka bila kufyonzwa. Ndipo watafiti wanapotia mikunjo midogo au chembe za fedha ili mwanga uzunguke zaidi ndani.

Wanaoitetea kazi hiyo wana hoja nzito kwa Zanzibar. Wakati wa masika mwanga hutawanywa na mawingu na kuja kutoka kila upande wa anga, na uso wenye mikunjo huupokea ule wa pembeni vizuri kuliko uso laini.

Hata hivyo, paa la Nungwi au Makunduchi halina uhaba wa jua. Maabara zimevuka ufanisi wa asilimia 19, yaani sehemu ya nishati ya mwanga inayogeuzwa umeme, kwa vipande vidogo sana vya seli za oganiki, ilhali paneli za silikoni zilizoko madukani zinafikia asilimia 20 na kuzidi, tena hudumu miaka mingi. Misombo ya oganiki huharibiwa na maji na oksijeni, na hewa yetu ya pwani haikauki. Pitisha kidole kwenye kioo cha paneli iliyo karibu na ufukwe baada ya siku kadhaa za kaskazi bila mvua, utakiona kimeshika chumvi na vumbi. Mikunjo ya juu ya kioo itayahifadhi hayo yote. Chembe za fedha nazo hugeuza sehemu ya mwanga kuwa joto, jambo ambalo wauzaji wa matumaini hulitaja kwa haraka.

Kwenye taa za oganiki, ambazo misombo ya kaboni hutoa mwanga ikipitishiwa umeme, hukumu yangu ni tofauti. Humo mwanga huzaliwa ndani, na bila hila yoyote takriban asilimia 20 tu hutoka nje. Uliobaki hurudishwa ndani kwa sababu kioo na misombo huupinda mwanga kuliko hewa. Ukiutoa mwingi zaidi, mng'ao uleule hupatikana kwa mkondo mdogo, na taa hudumu zaidi. Waliokaa gizani Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa Bara ulipokatika, wanajua thamani ya taa inayolihurumia betri.

Tukirudi kwenye seli za jua, mikunjo ikiwekwa ndani, nyuma ya kioo kilichozibwa kingo zake, hofu ya chumvi hupungua sana, ila utengenezaji huwa mgumu na bei hupanda.