Samaki Anarudi Baada ya Miaka Mitano, Anayemhesabu Hakai Hata Mwaka

Kila samoni mfu ninayemkuta mtoni namkata mkia. Nikiwaeleza watu hivyo hushangaa, lakini sababu yake ni nyepesi: asiye na mkia ameshahesabiwa, na mwenzangu akipita wiki ijayo hatamhesabu mara ya pili. Kabla kisu hakijafika mkiani huwa nimempima urefu, nimembandua magamba machache ubavuni, nimempasua tumbo nione kama alimaliza kutaga au alikufa na mayai yake, na nimemtazama mgongoni kama lile pezi dogo la mafuta lipo. Likiwa halipo, alizaliwa katika kituo cha kutotolea vifaranga na akakatwa pezi hilo akiwa mchanga ili ajulikane. Likiwepo, kwa kawaida ni mtoto wa mto wenyewe. Kisha namrudisha majini pale pale nilipomtoa. Mwili wake ni chakula cha wadudu, na wadudu ni chakula cha vifaranga watakaoangua kwenye changarawe ile ile.

Mto wenyewe ni mdogo, uko kaskazini-mashariki mwa jimbo la Oregon, Marekani. Unaingia mto Snake, Snake unaingia Columbia, na Columbia unamwaga maji yake katika Bahari ya Pasifiki. Kutoka baharini hadi ninapochutama na kisu changu ni zaidi ya kilomita 800, na njiani samaki huyu amevuka kuta 8 za mabwawa ya umeme, akipanda ngazi za maji zilizojengwa kando ya kila ukuta. Tangu alipoiacha bahari na kuingia mtoni hakula kitu cha maana. Anafika amechakaa, mapezi yamechanika, ngozi imeota ukungu mweupe. Anazaa, anakufa. Huyo ni chinuku, mkubwa kuliko samoni wote wa Pasifiki.

Mimi nilizaliwa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya. Kwetu tuliwajua trauti tangu utotoni, wale wenye ukanda wa waridi ubavuni, ambao walowezi wa Kiingereza waliwaleta mwanzoni mwa karne ya 20 na ambao hadi leo hutotolewa katika kituo cha serikali pale Kiganjo. Nilikuja kufahamu ukubwani kwamba samaki huyo asili yake ni mito hii hii ninayoitembea sasa. Hapa anaitwa stilihedi akiamua kwenda baharini, na trauti akiamua kubaki mtoni. Ni spishi moja. Mama anayebaki mtoni anaweza kuzaa mtoto anayekwenda bahari kuu, na aliyetoka bahari kuu akazaa anayebaki. Siku nilipomshika stilihedi wa kwanza, jike refu kama mkono wangu, nilimtambua kama unavyomtambua jamaa uliyemwona mara ya mwisho akiwa mtoto. Nilimpigia mama simu jioni ile. Akaniuliza, "Mwanangu, ni wale wa mto wetu?" Nikamwambia ni wale wale, mama, ila hawa wamesafiri.

Nimeeleza hayo ili ijulikane kwamba kazi hii naipenda, na ninachokisema sasa sikisemi kwa hasira ya mtu anayetaka kuondoka.

Mwaka wetu wa kazi uko hivi. Machi hadi Juni tunatafuta viota vya stilihedi, yaani mashimo wanayotagia kwenye changarawe, na miezi hiyo hiyo mtego wa vifaranga unazunguka mtoni. Agosti na Septemba tunatembea kuhesabu viota na mizoga ya chinuku. Kisha tunasafisha vifaa, tunaingiza takwimu kwenye kompyuta, na mkataba unakwisha. Majira ya baridi kila mtu anajitafutia riziki kwingine: ghalani, mashambani, kwenye vituo vya kuteleza kwenye theluji. Januari unaomba upya kazi uliyoifanya mwaka jana, kama mgeni. Bima ya afya inakatika, nyumba ya kupanga karibu na mto unaiacha, na hujui kama utaitwa. Wengi hufanya misimu miwili au mitatu, wakachoka.

Sasa mtazame samaki. Mayai yanayotagwa Septemba mwaka huu yatalala chini ya kokoto majira yote ya baridi. Vifaranga watatoka mapema mwaka ujao, wakae mtoni mwaka mzima, washuke kwenda baharini mwaka unaofuata. Huko watakaa miaka miwili au mitatu. Wengi wa watakaobaki hai watarudi wakiwa na miaka minne au mitano. Kwa hiyo swali moja tu, yaani "waliozaa mwaka huu wameacha warithi wangapi?", halijibiki kabla ya miaka mitano kupita. Katika muda huo mtu anayehesabu ameajiriwa na kuachishwa mara tano. Wanaolipia kazi hii wanakubali kwamba takwimu ndefu ndiyo mali, halafu wanamwona anayeikusanya kuwa kibarua wa kubadilishwa. Mimi nadhani wanakosea, na kosa hilo linaingia ndani ya hesabu yenyewe.

Kiota cha stilihedi kitakuonyesha. Chinuku hufa baada ya kuzaa, kwa hiyo hata kiota kikikupita, mzoga unaweza kukusaidia. Stilihedi si lazima afe. Wengine hugeuka wakarudi baharini, na wachache huja kuzaa tena. Hawakuachii mzoga, na kiota ndicho ushahidi wako wote. Jike hulala ubavu, akapiga changarawe kwa mkia hadi shimo lipatikane, akataga, kisha akasogea juu kidogo na kuchimba tena ili kokoto zinazobebwa na maji zifunike mayai. Kinachobaki ni shimo upande wa juu wa mto, na chini yake tuta lenye mawe yaliyong'aa kuliko mengine kwa sababu mwani na matope vimeondoka. Basi. Na majira hayo theluji inayeyuka, mto umejaa, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Ukichelewa wiki mbili mawe yameshaanza kuota kijani, tuta limelainika, na kiota kimekuwa kokoto tu. Tena mto wenyewe huchimba mashimo yanayofanana na viota. Ng'ombe akivuka, naye huacha alama zake.

Msimu wangu wa kwanza nilitembea kipande cha mto cha kilomita nne nikarudi na viota 6. Siku ya pili yake mwenzangu, dada mmoja aliyekuwa na misimu mingi kuliko mimi, alikipita kipande kile kile akarudi na 11. Hatukugombana. Alinipeleka akanionyesha vile vitano. Viwili vilikuwa nyuma ya mti ulioanguka, ambako mimi nilizunguka kwa nchi kavu kwa sababu ya kina. Kimoja nilikikanyaga pembeni bila kujua, na nilipoambiwa nilijisikia vibaya sana. Alinifundisha kusimama kwanza, jua likiwa mgongoni, miwani ya kukata mng'ao usoni, nikae dakika nzima bila kutazama chochote hasa, mpaka macho yazoee rangi ya sakafu ya mto. Watafiti wameshapima jambo hili kwenye mito kadhaa: watu wawili hupita mahali pamoja wakatoka na idadi mbalimbali, na uzoefu ni sehemu ya tofauti hiyo. Dada yule hakurudi msimu wa tatu. Alipata kazi ya kudumu yenye bima, mjini, isiyohusiana na samaki. Nani amlaumu? Ila idadi iliyoandikwa mwaka uliofuata kwa kipande kile ilishuka, na mimi hadi leo sijui kama walioshuka ni samaki au ni macho.

Upande wa vifaranga uko tofauti kidogo, maana huko mashine zinatusaidia. Mtego wetu ni koni kubwa ya chuma yenye matundu, imelazwa kati ya maboya mawili. Mkondo unaizungusha, na kifaranga akiingia mdomoni mwa koni anasukumwa hadi kwenye sanduku la nyuma. Asubuhi tunawatoa, tunawatia dawa ya usingizi kwenye ndoo, tunawapima. Wengine tunawachoma sindano tumboni na kuwawekea kitambulisho kidogo kama punje ya mchele, urefu wa milimita 12 hivi. Hakina betri. Samaki akipita karibu na antena iliyowekwa kwenye bwawa, antena inakiamsha na kusoma namba yake, namba ambayo hakuna samaki mwingine anayo. Mikono ndiyo inayohitajika hapa, na mikono hujifunza polepole. Kifaranga ana urefu wa kidole chako cha kati. Ukimbana anakufa, ukimlegeza anaruka, ukichelewa kumrudisha kwenye maji safi dawa inamzidi. Maji yakiwa na joto kupita kiwango tunaacha kabisa, hata kama siku hiyo wamejaa.

Kutokana na vitambulisho hivyo ndipo inajulikana ni wangapi waliorudi. Baraza la nishati na uhifadhi la majimbo manne ya huku limeweka lengo kwamba kati ya vifaranga 100 wanaoshuka, warudi 2 hadi 6, wastani 4. Chinuku wa mwituni wa Snake kwa miaka mingi hawajafika 2, na iko miaka ambayo hata 1 hakufika. Kabla ya Wazungu kuja, bonde lote la Columbia linakadiriwa kuwa lilipokea samoni na stilihedi kati ya milioni 10 na 16 kwa mwaka. Chinuku hawa wamo kwenye orodha ya sheria ya spishi zilizo hatarini tangu 1992, stilihedi tangu 1997.

Juu ya tarakimu hizo ndipo mabishano makubwa yanasimama. Mwaka 1855 makabila ya wenyeji, Nez Perce, Umatilla, Warm Springs na Yakama, yalitia saini mikataba iliyowaachia haki ya kuvua mahali pao pa jadi. Mwaka 1957 maporomoko ya Celilo, ambako watu walivua kwa maelfu ya miaka, yalizama chini ya bwawa kwa saa chache. Desemba 2023 serikali ya Rais Biden ilifikia makubaliano na makabila hayo manne pamoja na majimbo ya Oregon na Washington kuhusu kuwarudisha samaki, na Juni 2025 serikali ya Rais Trump ikayafuta. Mimi naamini kuta nne za chini za mto Snake, kati ya zile nane, zibomolewe. Nimeona picha za mto Elwha baada ya kuta zake kuondolewa kati ya 2011 na 2014, na nilisoma kwa furaha kwamba mwaka 2024, wiki chache tu baada ya kuta nne za mto Klamath kumalizika kubomolewa, chinuku walionekana juu ya pale zilipokuwa. Asiyekubaliana nami naye anatumia tarakimu zile zile mahakamani. Sote tunategemea watu waliotembea mtoni wakiwa wamevaa suruali za mpira hadi kifuani, wakiandika kwa penseli kwenye karatasi isiyolowa.

Ninachotaka si kigumu. Mikataba ya wahesabuji iwe ya miaka mitano, sawa na uhai wa chinuku, na majira ya baridi yapewe kazi ambayo tayari ipo lakini hufanywa na mtu mwingine ofisini: kusoma magamba chini ya hadubini, kulinganisha hesabu za watu wawili wawili, kurekebisha ramani za viota. Gamba la samaki lina duara kama mti ulivyo na duara, linasongamana wakati wa njaa ya baridi na kuachana wakati wa shibe ya bahari. Aliyelibandua gamba lile anakumbuka samaki alivyokuwa. Naambiwa bajeti haitoshi. Najua bajeti inatoka mwaka kwa mwaka, na msimamizi wangu si mtu mbaya, amejaribu. Lakini kumfundisha mgeni kila Machi nako kuna gharama, isipokuwa gharama hiyo haiandikwi popote. Inajificha ndani ya kiota kilichopitwa.

Mwaka jana, Mei, nilimpigia simu dada yule nikiwa juu ya kilima, mahali pekee penye mtandao. Nilikuwa na kijana mpya, mwanafunzi, na tulikuwa tumefika kwenye tawi la mto ambalo ramani haina. Aliniambia nivuke chini ya mti wa mpaini uliogawanyika, nishike ukingo wa kushoto, nitazame pale maji yanapotulia kabla ya kuanza kukimbia. Tulikuta vitatu. Kijana alifunga utepe wa rangi ya machungwa kwenye tawi, akaandika tarehe, akaniuliza kama mwaka ujao atavipata tena mahali hapa. Nikamwambia samaki hupenda kurudi.

Mayai ya vile vitatu yaliangua kabla ya majira ya joto kwisha. Vifaranga wa stilihedi hukaa mtoni miaka miwili, wakati mwingine mitatu. Nataka siku watakaposhuka hadi mtegoni kijana yule awe amesimama pale na ndoo, na mimi niwe upande wa pili nikimsomea urefu.